Sanduku la Salamu

Benchi la kwa Mwamini, muuza kahawa, lilikuwa ubao mrefu wa mtumbwi wa zamani, umelazwa juu ya mawe mawili pale njia ya bandarini inapokutana na njia ya soko la Rumonge. Ubao huo ulikuwa na tabia yake: aliyekaa ncha ya kushoto akisimama bila kuaga, wenzake wote waliteremka chini na vikombe vyao. Alhamisi ile ya mwisho wa Juni 1962 hakuna aliyekuwa na mpango wa kusimama. Uhuru ulikuwa Jumapili. Mji ulinuka mawese na chokaa, kila mwenye ukuta alikuwa anaupaka, na kila asiye na ukuta alikuwa amesimama nyuma yake akimwelekeza. Boti ya Kigoma ilitarajiwa saa nne, ikachelewa kama kawaida yake, na wanaume wanne walikuwa wanaingoja kwa kahawa ya tangawizi, wakibishana juu ya kitu kilichokaa katikati yao mahali pa mtu wa tano. Kitu chenyewe kilikuwa sanduku.

Lilikuwa sanduku la Feruzi, yule wa ncha ya kushoto. Feruzi aliandikia watu barua. Mbele yake walimwita Bwana Mwandishi, kisogoni walimwita Wino, kwa sababu kidole chake cha shahada hakikuwa kimetakata tangu wakati wa vita vya Ulaya. Kutoka Minago mpaka Rumonge hakuna aliyeposa, aliyeuza shamba au aliyeomba radhi kwa maandishi bila kupitia kidole hicho.

Sasa, barua za watu wa ziwani zinajulikana zilivyo. Mwanzo salamu, mwisho salamu, na katikati, ukibahatika, neno moja la habari. Na salamu hazisemwi kwa jumla. Kila aliyemo nyumbani anatajwa kwa jina lake, hadi mtoto wa juzi ambaye hata shingo haijakaza. Kuna sababu. Habari ya msiba haiandikwi waziwazi, maana hujui nani ataisoma kwa sauti kule ng'ambo, pengine mtoto, pengine mpita njia. Jina la marehemu linaachwa tu nje ya orodha, na anayesomewa, ambaye huwa anahesabu kwa vidole, anafika mwisho amebakiwa na kidole kisicho na mtu, anajua. Feruzi alikuwa amewaondoa watu wengi duniani kwa njia hiyo, kwa heshima na kwa mwandiko mzuri.

Mmoja alimwondoa kwa bahati mbaya. Miaka saba nyuma alimwandikia mjomba wake wa Uvira, akataja ndugu mmoja mmoja, karatasi ikamwishia kabla hajafika kwa dada yake mkubwa, Mwanahamisi, aliyeolewa Kigoma. Alidhani ni jambo dogo. Mjomba alihesabu vidole, akalia, akachinja mbuzi, akasomesha hitima. Mwanahamisi aliposikia kwamba ameshasomewa hitima Uvira na watu wameshiba, alituma neno moja kwa mdomo wa mvuvi: mwambieni mdogo wangu kwamba maiti haipandi boti. Tangu siku hiyo hakukanyaga Rumonge. Barua tatu za kuomba radhi zilikwenda, hakuna iliyojibiwa. Feruzi aliyewapatanisha watu kila siku ya soko alishindwa kupatana na wa tumbo moja naye, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Wengine walitaka bendera, wengine walitaka ngoma. Yeye katika Uhuru ule alitaka kitu kimoja tu, dada yake ashuke botini.

Wiki tatu kabla, habari za sherehe zilipothibitika, mji mzima ulimjia kwa mpigo. Kila mtu alitaka ndugu zake wa Kigoma na Ujiji waje kuuona Uhuru, na boti iliyokuwa ya kuchukua barua isingemngoja mtu. Feruzi alihesabu watu thelathini na wanane kwenye foleni. Badala ya kuanza kuandika, akafunga kalamu, akaenda nyumbani, akachukua kisu.

Kwanza alichonga kijiti chenye mikato, kila mkato mstari mmoja, ukikiegemeza ukingoni mwa karatasi unajua nafasi iliyobaki kabla hujaanza kuitamani. Karatasi isingemwishia tena maishani. Halafu akaomba kwa wavuvi sanduku lililokuwa limebebea vioo vya taa, lile lenye vyumba vidogo vidogo ndani ili vioo visigongane. Akakata kadi za makaratasi magumu, na kila kadi akaiandika sentensi moja: ya kufungua barua, ya kuulizia afya, ya kualika, ya kushukuru, ya kuomba radhi, ya kufunga. Maneno matupu, bila maua, yeye ambaye zamani hakuweza kuomba hata kilo ya chumvi bila kutaja mwezi na nyota. Mteja anakuja, unachomoa kadi zake, unazisimamisha kwenye ubao wenye mfereji, unamsomea, anatikisa kichwa, unanakili. Akibadili nia unabadili kadi. Karatasi haichanwi.

Kadi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa namba tano: Wote wa hapa wanakusalimia sana. Alikuwa ameshaungua na orodha, kwa hiyo akaiondoa orodha. Anayetaja mmoja mmoja atamsahau mtu, lakini anayesema wote, atamsahau nani? Aliiangalia kadi hiyo mara nyingi kama baba anavyomwangalia mtoto aliyefaulu shule, na barua ya kwanza kabisa kutoka sandukuni akamwandikia Mwanahamisi. Nyingine thelathini na nane zilifuata kwa siku mbili. Uledi, mwenzake wa benchi, alizipima kwa futi yake akatangaza kwamba kila barua imeokoa robo saa. Mwamini, aliyekuwa anawasha mkaa, aliuliza majina yamekwenda wapi, na sauti tatu zikamjibu kwa pamoja kwamba wote maana yake ni wote.

Ndiyo maana Alhamisi hiyo benchi lilikuwa na homa. Uledi alikuwa fundi cherehani, wakimwita Santimetre, na kama ungemwachia mchuzi angeupima. Mapajani alikuwa na vibendera vya kumalizia pindo.

— Hii sanduku haiko ya kukaa Rumonge, alisema. Iko ya kwenda Usumbura. Waiweke mu biro ya serikali, na karani moja tu, anachomoa anapanga, anachomoa anapanga. Saa sita amemaliza kazi ya mwezi.

— Na akimaliza? aliuliza Asmani.

— Anakuja kunywa kahawa.

Hilo lilionekana jema kwa wote, wakaongezewa kahawa.

Asmani alichuuza ndagala, dagaa wa ziwa lile, na jina lake la benchini lilikuwa Redio. Kweli alikuwa na redio. Betri zake zilikufa tangu Idi, lakini habari zake hazikupungua hata siku moja. Akasema amesikia kwamba Ulaya wana mashine kubwa kama ghala la mawese inayofanya kazi hiyohiyo, inakula umeme wa mji mzima, na wenyewe wameanza kuichoka. Watakuja hapa na kofia mkononi kumwomba Feruzi, kwa vile sanduku lake halili kitu. Uledi alitaka kujua mashine hiyo ina upana gani. Redio akampa upana bila kusita.

Wa nne alikuwa Cikuru, mtu wa Bukavu, zamani msimamizi wa mashamba ya michikichi, na hadi leo wanamwita Kapita. Huyu huongea kama anayepanga watu kwenye mstari. Alichomoa kadi moja, akaigeuza, akaisogeza karibu na jicho.

— Huku nyuma iko namba.

— Ya kuirudisha mu chumba yake, Feruzi alieleza.

— Basi kwa nini unaandika maneno?

Uledi akaacha kushona.

— Watu ya Kigoma tunawachongea sanduku kama hii, Kapita akaendelea. Wewe unatuma namba tu. Moja, tano, tisa. Nao kule wanachomoa moja, tano, tisa. Barua imefika, na wino iko bado mu chupa.

Feruzi alisikia damu ikimpanda mpaka masikioni. Alitaka kusimama, akakumbuka wenzake, akashika ubao kwa mikono miwili. Katika miaka yote ya kuandika hakuwahi kuliwaza jambo hilo, na sasa aliliona lote kwa mara moja, sanduku Rumonge, sanduku Kigoma, sanduku Uvira, salamu zikienda na kurudi bila mtu kuchoka mkono. Alisema polepole kwamba linawezekana. Hilo ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu mwenye sanduku akishakubali, nani wa kuwazuia wengine?

Uledi akapiga hesabu kwamba karatasi moja itabeba barua za mji mzima, kila ukoo mstari wake. Redio akasema karatasi ya nini. Wavuvi wanakwenda na taa kila usiku. Mvuvi wa Rumonge anainua taa mara tano, mwenzake wa mbele anaiona, anainua mara tano, hivyo hivyo mtumbwi kwa mtumbwi, na barua inafika Kigoma kabla ndagala hawajaanikwa. Kapita akauliza mvuvi akiinua taa kwa ajili ya kuangalia wavu wake itakuwaje. Redio akajibu kwamba mtu mmoja wa Kigoma atakuwa amesalimiwa bure, na kusalimiwa bure hakujamuua mtu.

Kapita mwenyewe, ambaye mkewe alifariki zamani na ambaye alikuwa na jambo lake na mjane mmoja wa Gitaza, alisema atamposa kwa namba tatu. Walimuuliza zipi. Akakataa kuzitaja.

— Hata matanga itakuwa nyepesi, alisema Redio. Imamu anasema kumi na tatu, tunalia. Anasema ishirini, tunanyamaza, tunakula.

Walicheka hadi ubao ukalia. Mwamini alipita na birika akasema kwamba yeye wiki tatu zilizopita aliuliza swali, na bado amelikalia. Uledi alikuwa anamgeukia kumuuliza swali gani, lakini hapo boti ikapiga honi.

Feruzi aliweka kikombe chini. Moyo ulimwenda mbio, na safari hii si kwa ajili ya namba. Kutoka benchini unaona njia ya bandarini yote mpaka majini, na wengine wote walijua anamtafuta nani, wakainamisha vichwa wasimzibie, jambo ambalo kwa benchi lile ni heshima kubwa.

Watu walianza kuipanda njia. Walikuwa wengi, wengi kuliko boti ilivyozoea kuleta, na mwanzoni Feruzi alifurahi. Wote hao ni kazi ya sanduku. Kisha akaona kwamba hakuna anayeimba. Watu wanaokuja sherehe hushuka na vigelegele tangu ubao wa boti. Hawa walikuja kimya. Wanawake walijifunga kaniki, nguo nyeusi kutoka kichwani hadi mguuni, wanaume walitembea vichwa chini, na vichwani mwa vijana kulikuwa na unga, mchele na sufuria kubwa, zile ambazo mtu hazitoi nyumbani ila kwa arusi au msiba. Arusi haikuwepo.

— Iko mutu mukubwa amekufa, Redio alinong'ona. Nilisikia leo asubuhi lakini sikutaka kusema.

Uledi alivitazama vibendera vyake. Alisema kama Uhuru umeahirishwa yeye hafumui tena. Kapita akahesabu watu, tabia ya kazi, akafika mia na bado walikuwa wanakuja. Walipokaribia, Feruzi akaanza kuzitambua sura moja moja. Yule ni ami wa Zena wa sokoni, mtu wa Ujiji. Wale ni wakwe wa fundi wa taa. Yule mzee mwenye fimbo ni baba wa muuza chumvi, barua yake ilikuwa ya kumi na mbili. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hakumwandikia.

Na mbele yao wote, akitembea kwa hasira ile ile ya miaka saba, alikuja mwanamke mnene aliyefunga kaniki mbili.

Feruzi alisimama. Wenzake watatu wakaenda chini pamoja na kahawa, vibendera na nusu ya kadi, na hakuna aliyelalamika.

— Dada, alisema.

— Nani amekufa? aliuliza Mwanahamisi.

Hakukuwa na amahoro ya kusalimiana wala hodi. Macho yake yalikuwa mekundu, na ilionekana alikuwa amelia ziwa zima.

— Hakuna, dada. Wote wako wazima.

— Usinifiche, Feruzi. Barua nilisomewa mara tatu. Nikamwambia msomaji arudie, labda ameruka mstari. Nikajua mwaliko wa sherehe ni wa kufichia msiba. Nimefungua vidole vyote kumi, hakuna aliyekuja kukaa. Hata mmoja. Niambie polepole, lakini niambie. Riziki?

— Muke yangu iko nyumbani, anapika.

— Mama mdogo Mariyamu?

— Iko. Juzi amemupiga jirani.

— Athumani?

— Iko, dada. Wote iko.

Mwanahamisi alimtazama machoni. Kisha akajishika kwenye ncha ya ubao. Nyuma yake msafara wote ulikuwa umesimama, watu mia na zaidi na masufuria yao, kila mmoja akingoja zamu ya kuuliza swali lile lile. Feruzi aliwatazama, akaelewa yote kwa pamoja. Alikuwa amemuua dada yake mara moja kwa kukosa nafasi ya jina, na katika kutibu kosa hilo alikuwa ameua koo thelathini na tisa, ukiwemo wake. Yeye aliyekuwa na kadi ya kuomba radhi, namba kumi na saba, hakuikumbuka hata kidogo.

Uledi ndiye aliyejaribu kuokoa jahazi. Alijinyanyua, akapangusa vumbi, akaeleza kwa adabu jinsi sanduku linavyofanya kazi, vyumba, kadi, kijiti cha mikato. Alionyesha kwa futi kwamba majina peke yake yalikuwa yanakula karatasi sehemu mbili kati ya tatu. Mwanahamisi alisikiliza bila kukatiza. Aliinama, akaokota kadi namba tano, akaigeuza huku na huku, yeye asiyejua kusoma, kama anayekagua samaki.

— Kwa hiyo kila barua inaokoa robo saa, Uledi akamaliza. Kabisa, nimepima mwenyewe.

— Na hiyo robo saa, Mwanahamisi alimuuliza mdogo wake, uliifanyia nini?

Feruzi alikisugua kidole chake cha wino. Redio, ambaye hajawahi kukosa habari, alitazama ziwa. Kapita alianza kuokota kadi na kuzipanga kwa namba. Mwamini alikuwa na jibu, maana vikombe vyake vilikuwa vimelala hapo chini vyote, lakini alionekana ana shughuli na mkaa.

Mwanahamisi alilichukua sanduku kutoka ubaoni, akaliweka chini taratibu, bila ubaya, akakaa mahali lilipokuwa. Aliweka mikono yote miwili magotini na vidole vimefunguliwa.

— Nimevuka ziwa nikiwalilia, alisema. Sasa nipe salamu zangu. Anza na Riziki.

Feruzi akaketi tena ncha ya kushoto. Aliona haya mbele ya watu wote wale, kisha haya ikamtoka. Alianza kwa sauti, kama anayesoma, ingawa mkononi hakuwa na karatasi: Riziki anakusalimia sana. Kidole kimoja kikakunjwa. Mama mdogo Mariyamu anakusalimia. Athumani anakusalimia, amekuwa mrefu. Kadidja anakusalimia. Juma, ambaye hukumwona akizaliwa, anakusalimia na ana meno manne. Nyuma yao watu wa Ujiji na Kigoma walikuwa wametua mizigo, na Zena alikuwa amekuja mbio kutoka sokoni akiwatajia wa kwao, na fundi wa taa naye, na muuza chumvi, mpaka njia yote ya bandarini ikawa majina matupu, na mahali fulani katikati mwanamke mmoja akapiga kigelegele cha kwanza na kaniki yake mwilini.

Feruzi alifika kidole cha tisa. Kimoja kilibaki wima, na Mwanahamisi alikiangalia. Safari hii karatasi isingeisha.

— Na dada yetu mukubwa, Mwanahamisi, akasema. Iko na sisi hapa Rumonge. Naye anasalimia wote.

Mwanahamisi alikunja kidole.

— Hilo ndilo ungeanza nalo, miaka saba iliyopita, alisema, akanyoosha mkono kwa Mwamini apewe kikombe.

Mwamini aliinamisha birika. Yalitoka matone matatu ya machicha, basi. Akafunua kifuniko, akawatazama wale mia na masufuria yao, kisha akawatazama wanaume wanne wa benchi, akawaambia kwamba kwa kuwa wana robo saa nyingi sana za akiba, waende wakachote maji.